Ghost in the Shell: filamu ya 1995 au Stand Alone Complex kwa mtu ambaye hajawahi kuona anime? Naombeni ushauri wa haraka

Kobe wa Usiku (mleta mada):
Wakuu, habari za majukumu. Naomba wanaojua ndio wajibu, kejeli pelekeni jukwaa la utani.

Kuna mtu nataka nimwonyeshe anime, zile katuni za Kijapani, kwa mara ya kwanza na nimeamua iwe Ghost in the Shell. Shida ziko nyingi mno. Kuna filamu ya Mamoru Oshii ya 1995, kuna Innocence ya 2004, kuna tamthilia ya Stand Alone Complex, kuna Arise, kuna ile ya Netflix iitwayo 2045, na zote zimetoka kwenye manga (kitabu cha katuni) ileile ya Masamune Shirow. Nikikosea ya kwanza, huyu mtu ndiyo basi tena. Mimi nimeegemea ya 1995. Mnasemaje? Siku zimebana, usingizi wenyewe sipati.

Fundi Antena:
Mpe manga, mkuu. Watu wanashangilia filamu hawajui Kusanagi wa Shirow, yule mwanamke polisi mwenye mwili wa mashine aliyeanza kutoka 1989 kwenye jarida la Young Magazine, ni mtu wa aina gani. Anacheka, anatania, anamsema bosi wake Aramaki kuwa ana sura ya nyani. Pembeni ya kurasa mwandishi kajaza maelezo kwa herufi ndogo kuhusu silaha, ubongo na mitambo mpaka unasahau hadithi uliiacha wapi. Oshii akaja akafuta utani wote, akawatoa Fuchikoma, vile vifaru vidogo vyenye akili na domo la kitoto, akatuachia mwanamke ambaye hata kupepesa macho anaona tabu. Filamu nzuri, sikatai. Ila yule siyo Kusanagi.

Kiazi Kitamu:
Nimekaa pale kwenye kona, nasubiri wajuzi.

Binti wa Chumbageni:
Mimi mume wangu alinianzishia na Innocence. Sikuelewa hata chembe. Kusanagi mwenyewe hayupo, yupo Batou, mwenzake wa kikosini, na mbwa wake, na kila anayefungua mdomo anamnukuu mwanafalsafa. Nikapitiwa na usingizi. Naamka nakuta maandamano ya mapambo makubwa ya dhahabu yanapita barabarani na tembo juu, nikajua kabadilisha filamu. Kumbe ni ileile. Ndoa ipo, tunamshukuru Mungu, ila rimoti nashika mimi.

Mzee wa Deki:
Jamani, huyu atapewaje dawa hajasema anaumwa wapi? Mleta mada, huyo mtu ni nani? Mtoto? Mchumba? Anapenda mambo gani?

Kobe wa Usiku:
Ni mtu mzima. Anapenda habari za polisi na upelelezi.

Mzee wa Deki:
Mtu mzima yupi?

Kobe wa Usiku:
Mzee mmoja hivi ninayemheshimu. Kwani inahusiana nini na ubora wa filamu?

Kiazi Kitamu:
"Mzee mmoja hivi." Funguka mkuu, humu hakuna anayekujua.

Kobe wa Usiku:
Haya. Ni baba mkwe mtarajiwa. Mahari nimetoa nusu, nusu bado. Siku ile nimekwenda kusalimia akanikuta sebuleni naangalia kipande kwenye simu, akasema mbele ya watu, "Mtu mzima na katuni?" Mchumba wangu akanitetea kwamba hizi ni hadithi za watu wazima. Mzee alikuwa mpelelezi wa polisi kabla hajastaafu, akanijibu, "Basi niletee moja ya polisi tuione wote." Mshenga akacheka, mimi nikaitikia. Jumamosi napanda treni kwenda Morogoro. Flashi tayari ina filamu ya 1995 na mzee nimeshamwambia ni ya Kikosi cha 9, polisi wa akina Kusanagi, kazi kubwa ya sinema, dakika 82 tu, na kwamba hata waliotengeneza The Matrix walichota humo. Kwa hiyo kama mnaweza kuniunga mkono kwenye ya 1995 nitashukuru.

Bahari Shwari:
Subhanallah. Yakhe, wewe umeitazama hiyo filamu ama umehadithiwa? Mie niko Mombasa huku, nimeshika kichwa. Kabla hata majina hayajapita, Kusanagi yuko juu ya ghorofa, anavua koti, anajirusha chini na kiwiliwili chake chote kinaonekana. Halafu yaja majina yenyewe, na huko ndiko mwili wake unaundwa kipande kipande, uchi, ukitoka majini na ngozi ikibanduka. Na wewe umeketi na mkweo. Mama mkwe naye atakuwepo?

Kobe wa Usiku:
Atakuwepo. Ila hiyo sehemu ni fupi. Nitachelewesha kuwasha, nitajifanya deki inasumbua, tuanzie pale majina yakishaisha.

Bahari Shwari:
Na pale kwenye boti akitoka kuzamia, anafungua vazi la kuogelea mbele ya Batou? Na mwisho, anapopigana na kile kifaru, anavua tena, na anavuta mfuniko mpaka misuli inapasuka na mikono inakatika? Utaisingizia deki mara ngapi?

Kobe wa Usiku:
Ule ni mwili wa kiwandani, siyo uchi. Ndiyo hoja yenyewe ya Oshii, kwamba mwili ni chombo tu na hauna aibu.

Mama Vitenge:
Hiyo hoja kamweleze mama mkwe wako, sisi tupo tunasubiri majibu. Vijana wa siku hizi mnaniacha hoi. Ukweni mtu anabeba sukari, anabeba kitenge cha mama, anaketi, anaulizwa anajibu. Wewe unabeba flashi ya wanawake uchi, nusu ya mahari bado unadaiwa. Mimi ningekuwa huyo binti ningerudisha hiyo nusu leo.

Fundi Antena:
Ipo toleo la 2.0 la 2008. Oshii aliirudia ileile, akabadilisha baadhi ya picha kuwa za kompyuta, rangi ya kijani ikawa ya machungwa, sauti zikachanganywa upya, hata yule Puppet Master, mhalifu anayesakwa kwenye filamu, aliyeongea kwa sauti ya kiume akapewa ya kike.

Bahari Shwari:
Na pale juu ya ghorofa bado anaruka. Usimpotoshe mwenzio.

Mzee wa Deki:
Sasa kwa kuwa mgonjwa kasema, dawa hii hapa. Stand Alone Complex, msimu wa kwanza, 2002, wa Kenji Kamiyama. Nasema hivi na filamu ya Oshii naipenda kuliko zote. Zile dakika chache za mvua mjini, hakuna anayesema neno, muziki wa Kenji Kawai unapita tu, mji wenyewe wamechora wakiitazama Hong Kong, sijaona mtu wa anime aliyezifikia. Lakini mpelelezi mstaafu hatazami mvua. Mpelelezi anataka kesi.

Kamiyama alifanya jambo moja la akili. Alimwondoa kabisa Puppet Master. Kwake Kusanagi hakuwahi kukutana naye, kwa hiyo hakuungana naye kama mwishoni mwa filamu, kwa hiyo alibaki kazini, na hadithi ikawa ya ofisi ya polisi. Kipindi cha kwanza roboti za geisha zinamshika mateka waziri wa mambo ya nje na kikosi kinaingia. Dakika ishirini na ushee, kesi imefunguliwa na kufungwa, na hujadaiwa uendelee.

Halafu mwekee cha 4. Togusa, yule askari wa kikosi ambaye mwili wake karibu wote ni wa kuzaliwa nao na bado anatembea na bastola ya kizamani, anapigiwa simu na mpelelezi rafiki yake wa zamani. Rafiki anataka kumwonyesha kitu. Kabla hawajaonana anakufa kwenye ajali ya gari. Anaacha picha, na Togusa anakaa nazo anazigeuza, kuna kitu hakikai sawa mpaka anang'amua: kwenye picha hizi mpigaji haonekani popote, hata mahali ambapo angepaswa kuonekana, kwa sababu hazikupigwa na kamera. Zimetoka machoni mwa mtu. Polisi wanawapeleleza wapelelezi wao wenyewe kwa kifaa kilichofichwa kwenye jicho. Huyo mzee wako, kama kweli alikuwa kazini, atasimama kwenye kochi.

Na ukifika mbele unakuta mzizi wake ni dawa. Kampuni za mashine ndogondogo za tiba, chanjo iliyokuwa inafanya kazi ikafungiwa ili biashara ya wakubwa isife, na kijana mmoja, Laughing Man, anayeweza kuingia kwenye macho ya watu wote kwa pamoja na kujifunika uso kwa nembo ya kuchekacheka. Hiyo ni kesi ya rushwa tu. Mzee hahitaji kuelezwa roboti ni nini.

Kobe wa Usiku:
Mkuu umeandika vizuri, lakini SAC, yaani Stand Alone Complex, msimu mmoja ni vipindi 26. Ukweni nalala usiku mmoja. Na Kusanagi wa SAC naye amevaa nini? Kama anakwenda kuogelea. Angalau wa 1995 ana sababu.

Mzee wa Deki:
Nguo ya kuogelea ni nguo. Na nimekuambia viwili, siyo ishirini na sita. Wewe ushauri hutaki, unataka mhuri.

Kiazi Kitamu:
😂😂 Unataka mhuri. Nimeiba hiyo.

Pweza Mkavu:
Mbona hakuna anayeisema Arise? 2013, Kusanagi bado kijana, mwili wake ni mali ya jeshi, kikosi hakijaundwa. Ndiyo mwanzo wa hadithi, mzee aanzie mwanzo.

Fundi Antena:
Mwanzo wa hadithi gani? Arise ina mwanzo wake yenyewe, haimfikishi mtu kwa Oshii wala kwa Kamiyama. Na hata sauti siyo ya Atsuko Tanaka, Mungu amrehemu, alifariki 2024. Ni Maaya Sakamoto, ambaye kichekesho ndiye alikuwa sauti ya Kusanagi mwenye mwili wa mtoto mwishoni mwa filamu ya 1995. Kwenye manga, kwa faida yenu, mwili ule Batou aliouleta haukuwa wa mtoto, ulikuwa wa mwanamume mwenye sura ya kike. Oshii kabadilisha na hilo.

Pweza Mkavu:
Na 2045?

Fundi Antena:
Picha za kompyuta tupu. Tupite.

Kiazi Kitamu:
Samahanini wakuu, narudi nyuma kidogo. Nimepita kwenye nyuzi za zamani za mleta mada. Januari, jukwaa la mahusiano, Kobe wa Usiku aliandika kwamba baba wa mchumba wake ALISHAFARIKI, akauliza kama mahari apewe baba mdogo. Sasa huyu mpelelezi wa Morogoro kafufuka lini?

Mama Vitenge:
Weeee!

Pweza Mkavu:
Chai hii. Leteni vitafunwa.

Bahari Shwari:
Na mie nimeshika kichwa bure masaa yote haya.

Kobe wa Usiku:
Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu, yeye hana akaunti. Watu mna kazi kweli, mnafukua mambo ya Januari.

Kiazi Kitamu:
"Rafiki yangu." Na mchumba wa rafiki naye anakaa Morogoro, maana kule uliandika Kihonda, ya Morogoro hiyohiyo.

Kobe wa Usiku:
Morogoro ni ya mtu mmoja?

Mzee wa Deki:
Wakuu, mnamkumbuka yule mzoa taka kwenye filamu? Anaendesha lori la taka huku anamsimulia mwenzake kuhusu mke anayetaka talaka na binti yake mdogo. Anakamatwa, anaketishwa, anaambiwa: huna mke, hujawahi kuwa na binti, kumbukumbu zote umepandikiziwa. Picha aliyokuwa anaionyesha kwa furaha, ndani yuko yeye mwenyewe na mbwa. Sasa mimi naomba kuona picha ya huyu baba mkwe.

Binti wa Chumbageni:
😂😂😂 Jamani nimecheka mpaka mume kaja kuuliza. Atatoa picha ya mbwa.

Fundi Antena:
Mzoa taka yuko hata kwenye manga. Ila kule Shirow anampitia harakaharaka, kesi inasonga. Oshii ndiye aliyemketisha na kumwangalia usoni. Hapo nampa haki yake.

Mama Vitenge:
Hata kama ni chai, ushauri wangu uko palepale. Sukari na kitenge.

Kobe wa Usiku:
Aliyeona ni uongo asichangie, sikumlazimisha mtu. Mimi nilikuja na swali la anime, mmegeuza kikao cha upelelezi.

Pweza Mkavu:
Si ulisema mzee anapenda upelelezi? Mpe huu uzi.

Binti wa Chumbageni:
Mimi mkwe awepo asiwepo, nimeangalia hicho kipindi cha 4 usiku huu. Mzee wa Deki, ile sehemu anatembeza picha moja moja, nilielewa kabla ya Togusa! Nikamwambia mume wangu, huyu mpigaji yuko wapi? Akanyamaza, maana yeye aliitazama zamani hakuona kitu. Kwa nini hakunianzishia hii?

Kobe wa Usiku:
Haya, tuyaache hayo. Mzee kapiga simu, na anayebisha abishe. Anauliza kama flashi itasoma kwenye deki yake, ile ya kizamani ya DVD yenye tundu la flashi mbele. Na maandishi ya chini hataki kusoma, miwani yake imevunjika.

Mzee wa Deki:
Deki za hivyo nyingi hazisomi faili la video la aina ya MKV, badilisha liwe AVI. Ikigoma, punguza ukubwa wa picha. Flashi iwe kwenye mfumo wa FAT32. Chukua yenye sauti za Kiingereza, ipo kwa zote mbili. Unabadilisha ipi?

Kobe wa Usiku:
Zote mbili. Nitaamua nikifika.

Bahari Shwari:
Faili la kwanza kwenye flashi ndilo deki hulianza lenyewe. Angalia majina ulivyoyapanga, yakhe.