Arabuko-Sokoke: tumetembea mpaka tukachoka, wanyama wako wapi?

BintiKisauni
Salaam wadau. Wikendi tulipita Arabuko-Sokoke na watoto tukitokea Malindi, manake kila mtu hunambia huo msitu una wanyama huwapati pengine popote. Tukaingia upande wa Gede mida ya saa nne na nusu, tukalipa, tukazunguka mpaka jua likatushinda, wallahi tumeona miti, vipepeo na kima wawili basi. Mtoto anauliza mama simba yuko wapi. Sasa huyo panya mwenye pua ndefu anayesifiwa yupo kweli ama ni maneno ya kuvutia watalii? Na yule bundi mdogo wa Sokoke je? Nataka kurudi lakini sio kutupa pesa tena.

Mwanamsitu
Pole dada. Saa nne na nusu ndio shida yenyewe, hapo joto limeshapanda kila kitu kimejificha. Halafu simba hakuna, mwambie mtoto mapema. Ndovu wapo, na ndio sababu usiingie ndani ndani bila mtu anayejua njia.

Huyo wako wa pua ndefu anaitwa sengi, yupo na sio panya hata kidogo, ukoo wake uko karibu zaidi na ndovu na pimbi na nguva, ukimwona huamini. Uzito kama nusu kilo, miguu myeusi, na makalio ya njano utadhani ameketi juu ya rangi mbichi. Anatembea mchana, usiku analala, kwa hivyo kuwa pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sasa kosa la watu wengi ni kutembea. Usitembee! Simama kando ya njia palipo na majani makavu mengi chini, nyamaza, utasikia kama mtu anachakura, anachakura, ananyamaza. Huyo anatafuta wadudu na hiyo pua. Ukiona ndege kurumbiza, yule wa kifua cha rangi ya chungwa, anarukaruka chini chini tu, angalia mbele yake, manake humfuata sengi aokote wadudu waliofurushwa. Akikushtukia atapiga mkia kwenye majani pa pa pa, kisha utaona njano inapotea.

Na mahali pia ni muhimu. Kwenye miti ya mirihi, kule kwenye mchanga mweupe, pako wazi mno kwake, hatokei sana. Anapenda vichaka vilivyoshikana.

BintiKisauni
Kumbe! Sisi watoto walikuwa wanapiga kelele mwanzo mwisho 😂 Basi nenda na watoto upate nini hapo

MkulimaWaVipepeo
Watoto wapeleke magofu ya Gede, hapo hapo karibu, sengi wanapita katikati ya kuta za kale na kima watawafurahisha. Tena Kipepeo, ule mradi wetu wa kufuga vipepeo, iko hapo hapo, na kwangu mimi hiyo ndio maana ya huu msitu. Huko nyuma watu wengi tulitaka ukatwe tupate mashamba, sisemi uongo, ndovu walikuwa wanamaliza mahindi na sisi hatuoni faida. 1993 ndio Kipepeo ikaanza. Unamshika kipepeo jike msituni, unamweka kwenye kizimba cha neti na mche wake anaoupenda, anataga, wewe unalisha viwavi majani kutwa (wanakula hao, usiombe!), wakishakuwa pupa, yaani wamejifunga kabla ya kutoka vipepeo, unapeleka wanasafirishwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Ni mbio, manake akipasuka njiani hana bei. Na kila kipepeo ana majani yake, mche ukiisha msituni na kazi imeisha, ndio utaona mfugaji wa vipepeo anagombana na mkata miti ya muhuhu.

MtuWaMuheza
Jamani huyo bundi msijisifu peke yenu, hata huku kwetu Tanga yupo, misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Na yule ndege chozi wa Amani jina lake linatoka kwetu lakini kwenu pia yupo juu kwenye mirihi hiyo hiyo.

Mwanamsitu
Kweli kaka, bundi tunagawana. Ila yule ndege kwera wa Kilifi ni wetu pekee, hatoki nje ya kaunti hii. Miaka na miaka hakuna aliyejua anatagia wapi, mpaka 2013 viota vikapatikana kwenye kinamasi huko msitu wa Dakatcha. Na Dakatcha sasa ni makaa na mashamba ya mananasi, huko hamna ulinzi kama Arabuko, mimi naona watu wanapigania msitu mmoja wanasahau wa pili.

Dada, bundi ni mdogo, sentimita 16 tu, wengine wa kijivu wengine wekundu kama kutu. Usimtafute usiku. Mchana hulala kwenye vichaka vya udongo mwekundu, chini chini tu, mara nyingi wawili wamebanana, na watembeza wageni wa pale wanajua matawi yao. Mwambie mmoja wao mapema jioni ya kabla yake ili aende akague. Bila yeye utapita mita mbili kutoka kwa bundi umdhanie jani kavu.

BintiKisauni
Shukran sana. Nitakuja bila watoto kwanza. Matatu ya Mombasa-Malindi inanishusha karibu?

Mwanamsitu
Inapita mlangoni kabisa. Lakini ukitoka Mombasa asubuhi utachelewa, lala Watamu ama Gede.