Wana Chumbageni: sukari ya Asha

Da Zainabu, 7:12 asubuhi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Majuzi nilimsindikiza Asha kliniki. Mimba wiki 29, kanyweshwa ile glukosi gramu 75, majibu yako juu. Ni kisukari cha ujauzito. Anatakiwa ajipime asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula chini ya 7.8. Leo alfajiri imesoma 6.1. Nataka mtu wa kwenda naye Alhamisi, nataka mchango wa vijiti vya mashine ya kupimia sukari, na wifi Rehema, uji wa sukari na tende sasa basi.

Mjomba Bakari
Mtoto wa kike huyo, anadai halua kabla hajatoka 😂

Saidi
😂😂 Mjomba bwana

Da Zainabu
Mjomba, Alhamisi una nafasi?

Wifi Rehema, 9:40
Wa alaykum salaam. Tende napeleka kwa nia njema. Sukari ya Mungu ile, haina madhara.

Da Zainabu
Nia yako naijua wifi. Ila mwili hauulizi sukari imetoka wapi. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini yake, ile ya kushusha sukari, isifanye kazi sawasawa, hata sahani ya wali inamzidi.

Wifi Rehema
Basi usiku asile, alale na maji.

Da Zainabu
Hapana! Asilale njaa. Ale kidogo kidogo.

Asha, 11:05
Nipo humu jamani 😅 Juzi nimekula wali wa nazi, 9.8. Jana tonge dogo la ugali wa dona, matembele na dagaa, nikatembea mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, 7.1. Ya kula nayajua. Shida wageni wanakuja na soda, nikikataa wanasema naringa.

Da Zainabu
Na ya asubuhi isiposhuka wiki hii, daktari atamwanzishia sindano za insulini. Inataka friji. Saidi, friji ya Bibi iko kwako.

Saidi, 1:30 mchana
Friji niliitengeneza kwa hela yangu. Mchango wa 2021 ulikwenda wapi da Zai? Hesabu sijaiona mpaka leo.

Da Zainabu
Saidi, si hapa.

Saidi
Kila siku si hapa.

Mjomba Bakari
Friji yenyewe inaunguruma kama lori la mchanga 😂😂

Wifi Rehema
Hizo sindano hazitamfikia mtoto?

Da Zainabu
Insulini haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Sukari ndiyo inavuka. Mtoto anashiba sukari ya mama, ananenepa kupita kiasi, akishazaliwa ya kwake inaweza kushuka ghafla. Lazima apimwe mapema na anyonyeshwe mapema.

Bibi, 4:18 jioni
Juma ananiandikia. Nimezaa saba, nimezika wawili. Yule wa Pangani alizaliwa mnene, kila aingiaye mashaallah, mashaallah. Alfajiri wa baridi. Hakuna aliyempima kitu. Sitaki kuyaona tena kwa Asha. Asile cha mtu mpaka apime. Na friji ni yangu, sijafa mkairithi. Iende kwa Asha.

Wifi Rehema, 5:02
Shikamoo Bibi. Sipeleki tena. Asha, nisamehe mdogo wangu.

Asha
Yameisha wifi. Dagaa wako walete 😊

Saidi, 6:47
Shikamoo Bibi. Waje waichukue Jumamosi. Usafiri si juu yangu.

Da Zainabu
Ahsante Saidi. Usafiri tutaongea. Jamani, humu tuko 23, mmesoma wote. Vijiti alivyonavyo vinaishia Jumatano.

Halima, 9:55 usiku
Ndio naona sasa, nilikuwa zamu. Natuma elfu kumi mwisho wa mwezi inshallah.

Da Zainabu
Mwisho wa mwezi mbali Halima. Na Alhamisi nani?

Mjomba Bakari, 10:20
Alhamisi hii au ijayo?