Kaunta ya Entebbe: kadi ya mkunga imekataliwa, barua ya daktari asiyenipima imepokelewa

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa Dar es Salaam kwa mama yangu, siku nne baada ya kunyimwa safari ya ndege pale uwanja wa Entebbe, Uganda, na hasira bado haijanitoka. Nina ujauzito wa wiki 29, wa mtoto mmoja. Tiketi niliikata Kampala kwa wakala ambaye aliniona nikishika kiuno ili niweze kukaa kitini, lakini hakuniuliza mimba ina wiki ngapi wala hakunitajia barua yoyote.

Kaunta, kijana alinipima tumbo kwa macho, akataka barua ya daktari. Nikampa kadi ya kliniki, ambamo mkunga wangu amekuwa akiandika kila hudhurio shinikizo la damu, wingi wa damu, uzito wangu, mapigo ya moyo wa mtoto na tarehe ya matazamio. Hakuifungua. "Nyabo, hiyo siyo barua," alisema, akairudisha kwa kuisukuma na ncha ya kidole.

Nieleweke vizuri, kanuni yenyewe siigombi. Mashirika mengi ya ndege hudai barua kuanzia wiki ya 28, na kwa kawaida hayampokei mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, wala mwenye mimba ya pacha baada ya wiki ya 32, kwa sababu uchungu ukianza angani hakuna pa kujifungulia. Isitoshe, hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, kama ya mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400. Mama mwenye afya huistahimili bila shida, lakini mwenye upungufu mkubwa wa damu au selimundu anaweza kudhurika, na anayetokwa damu au mwenye dalili za kifafa cha mimba hapaswi kuwa mbali na hospitali hata kwa saa moja. Ndiyo maana anayesafiri anapaswa kupimwa. Apimwe kweli.

Sasa tazameni kilichotokea. Ndege iliondoka bila mimi. Nikaenda kliniki moja mjini Entebbe, miguu imevimba hadi kamba za viatu zimeacha alama, na daktari akaniandikia barua kwa dakika tano, kwa shilingi 50,000. Hakunifunga kifaa cha kupimia shinikizo. Hakunigusa tumbo. Wiki za mimba aliniuliza mimi mwenyewe, akaandika nilichomjibu, kisha akagonga mhuri. Kesho yake, baada ya kulipia mabadiliko ya tiketi, barua hiyo ilipokelewa kaunta bila neno, ilhali kumbukumbu za mkunga aliyenishika kwa mikono yake tangu mwezi wa tatu wa mimba zilikuwa zimekataliwa bila kusomwa. Anayelindwa hapo ni mimi na mwanangu, au ni shirika?

Ndani ya ndege hali ilikuwa ile ile. Mhudumu alinikazia mkanda katikati ya tumbo, nikaushusha mwenyewe chini ya tumbo, juu ya mapaja, kama mkunga alivyonielekeza. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mjamzito ni mwepesi wa kuganda damu miguuni akikaa muda mrefu, hivyo ninywe maji, ninyanyuke na nichezeshe vifundo vya miguu, na kwamba kwa safari ndefu nivae soksi za kubana. Safari yangu ilikuwa ya chini ya saa mbili; je, anayekwenda Ulaya bila kuambiwa haya?

Ninachodai hakina gharama: wakala aulize kabla ya kupokea pesa, masharti ya barua yaandikwe kwenye tiketi, na kadi ya kliniki ifunguliwe na isomwe pamoja na barua.

Nitarudi Kampala nikiwa na wiki 32. Nimeliandikia shirika mara tatu kuuliza barua mpya iwe imeandikwa siku ngapi kabla ya safari na iseme nini hasa, na hadi usiku huu sijapata jibu.