Mji unaoelea baharini, bila serikali: unawezekana?

Wakuu, kuna jamaa hapa kijiweni Kariakoo kachoshwa na makadirio ya kodi. Anashikilia kwamba dawa ni watu huru kujenga mji wao unaoelea, mbali na mkono wa serikali yoyote. Wazo si lake. Mwaka 2008 Patri Friedman na Wayne Gramlich walianzisha Seasteading Institute huko Marekani kwa kazi hiyohiyo, na tajiri wa teknolojia Peter Thiel akatia pesa.

Mimi napinga, na sibishii uhandisi. Majukwaa ya mafuta yanakaa baharini miaka nenda rudi. Shida ni kwamba bahari ina wenyewe. Kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, maili 12 za kwanza (maili za baharini) ni za nchi ya pwani, na mpaka maili 200 nchi hiyo ndiyo yenye mamlaka juu ya kisiwa chochote cha kutengenezwa. Ukivuka hapo, kilomita 370 hivi, chombo kinatakiwa kiwe na bendera ya nchi fulani. Kisichokuwa nayo, manowari ya taifa lolote inaweza kukisimamisha na kukikagua.

Mwaka 2019 Mmarekani mmoja na mwenzake wa Thailand waliishi kwenye kijumba kinachoelea nje ya Phuket, wakijihesabu wamevuka maili 12. Jeshi la majini likaja kukivuta hadi pwani. Wenyewe walikuwa wameshakimbia, maana kosa walilotajiwa adhabu yake inafika kifo.

— Mkuu, unachagua walioshindwa tu. Sealand, ule mnara wa kijeshi jirani na pwani ya Uingereza, uko mikononi mwa familia ya Bates tangu 1967. Upo mpaka leo.

— Upo kwa sababu Waingereza hawajataka kujisumbua. 1987 walisogeza mpaka wao kutoka maili 3 hadi 12, mnara ukaangukia ndani. Huo nao ni uhuru?

— Basi wakodi bendera kama wenye meli wengine.

— Bendera hutolewa na hunyang'anywa. Januari 2018 sisi wenyewe Watanzania tulisimamisha usajili wa meli za nje, baada ya zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Halafu kuna bima. 2020 wapenda uhuru wa aina hiyo walinunua Pacific Dawn, meli ya watalii ya mita 245, wakaiita Satoshi, waitie nanga Panama. Wakakosa kampuni ya kuikatia bima. Wakaiuza, na leo inabeba watalii kwa jina la Ambience. Hapo kilichowakwamisha mwishoni si serikali, jamani. Ni soko lilelile wanalolisifia.

— Mimi mtu wa Feri, soko la samaki, naona mnabishana bendera tu. Kusi ikikaza, boti ndogo za hapa hazitoki. Nani atawapelekea dizeli na mboga maili 200? Mama akishikwa uchungu usiku je? Na mtoto akizaliwa salama, cheti cha kuzaliwa anachukulia RITA, wakala wetu wa usajili, au wapi?