Mjadala: Sayansi itolewe kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi?

Mleta mada (mzazi, Ipagala, Dodoma)

Wakuu, salaam. Tujadili bila matusi tafadhali.

Jumapili binti yangu wa darasa la sita alinisomea maana ya uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke, hakukosea hata neno. Nikafurahi. Nikamwonyesha mtungi wa bibi yake pale barazani, nikamuuliza kwa nini maji yake ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki iliyo pembeni, na huu upepo wetu mkavu unahusikaje. Akanitazama kama mtu niliyebadilisha somo. "Baba, hilo halipo kwenye daftari."

Nikaanza kuchungulia wenzetu wanafanyaje. Finland hawana mtihani wa taifa ngazi ya msingi. Kuanzia darasa la kwanza hadi la sita, baiolojia, jiografia, fizikia, kemia na afya vyote vimo ndani ya somo moja la mazingira. Japani wanaanza sayansi yenyewe darasa la tatu. Singapore nao darasa la tatu, kisha mtoto wa miaka 12 anaifanyia mtihani wa taifa. Na Singapore hao hao ndio walioongoza sayansi ya darasa la nne kwenye TIMSS ya 2023, upimaji wa kimataifa wa kila miaka minne ambao sisi hatushiriki.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba dawa ni kuanza mapema. Kinachotuangusha ni mtihani. Maswali mengi ni ya kuchagua herufi na kusiliba (kutia weusi kiduara cha jibu), basi na mwalimu anafundisha kusiliba. Mtaala mpya ulioanza 2024 unahubiri umahiri, yaani mtoto aweze kutenda na si kukariri tu, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanatarajiwa kumaliza 2027. Kabla hawajafika huko, napendekeza sayansi ifundishwe lakini isipimwe kitaifa. Mnasemaje?

Mwalimu, wilaya ya Bahi

Mkuu, pendekezo lako litaliua somo. Uingereza walishapita njia hiyo. Mpaka 2009 watoto wao wa miaka 11 walifanya mtihani wa taifa wa sayansi, ukafutwa, Kiingereza na Hisabati vikabaki. Baadaye wakaguzi wao wenyewe wakaanza kulalamika kwamba shule nyingi zimeacha sayansi ikaminywa.

Sasa njoo kwangu. Mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, ukikaribia, kipindi cha kwanza kufa ni michezo. Cha pili ni kazi za mikono. Ukiitoa sayansi kwenye mtihani, nayo inapanga foleni hapo hapo, na vipindi vyake tunampa mtu wa Hisabati. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo itakavyokuwa.

Na hilo la mtungi nalipenda sana, ila darasani kwangu wako 94. Kiwango cha serikali ni 45. Mtungi mmoja unatosha, shida ni shingo 94 kuuzunguka.

Mchangiaji, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)

Mtoto wangu alianza darasa la kwanza Japani nilipokuwa kule masomoni, kwa hiyo nisemee niliyoyaona. Miaka miwili ya kwanza hawana sayansi, wana somo linaloitwa *seikatsu*, yaani maisha. Kila mtoto alipewa kijichungu cha plastiki na mbegu za ua la asagao. Asubuhi kabla ya yote anamwagilia. Anachora jani la kwanza, anahesabu maua, anaandika leo limefunga saa ngapi. Likizo ya kiangazi ikifika chungu kinarudi nyumbani, na mbebaji ni mzazi, tena kwenye jua la kufa mtu. Mwaka mzima sikusikia mtoto akikaririshwa maana ya kuchipua, lakini alijua mbegu ipi imechelewa na akawa na dhana yake kwa nini.

Kingine ni walimu. Mmoja anafundisha, wenzake wamesimama nyuma wanaandika, kisha wanakaa kukijadili kipindi kile kimoja kwa muda mrefu. Si ukaguzi, ni wenyewe kwa wenyewe.

Mwalimu atasema wale wana watoto wachache, na ni kweli: kikomo chao cha darasa la msingi kimeshushwa kutoka 40 hadi 35. Ila jamani, sisi tuna zabibu! Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila tukipogolea pingili zinatupwa. Mpe mtoto pingili moja kwenye kopo la mafuta lililokatwa. Atauliza mwenyewe kwa nini ya jirani yake imeota mizizi na yake imeoza.

Mzazi, Nkuhungu

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni lugha. Anasoma usanisinuru kwa Kiswahili miaka yote, akiingia kidato cha kwanza anaanza upya kwa Kiingereza. Singapore wanafundisha sayansi kwa Kiingereza tangu mwanzo. Mimi wangu niliwahamishia shule ya Kiingereza, nikamaliza.

Mleta mada

Dada, hilo la kidato cha kwanza sibishi, linaumiza. Lakini Japani na Finland wanatumia lugha zao na wanafanya vizuri. Na mtoto anaweza kukariri kwa Kiingereza vilevile. Jaribu kumuuliza wako kuhusu mtungi.

Mama wa steshenari, Majengo

Kabla hamjaleta hizo pingili, waulizeni Wakenya. Walianza mtaala wao wa umahiri madarasa ya chini 2019, dada yangu yuko huko. Leo mtoto anadaiwa maboksi, kesho rangi, keshokutwa kifaa cha kupimia mvua. Nani anakitengeneza? Dada yangu, usiku wa manane, mtoto kalala. Kilisifiwa shuleni, ila mama hakupandishwa darasa.

(Kibiashara mimi sina neno, leteni tu.)

Mleta mada

Mmenichekesha na mmenirudisha nyuma. Hoja ya Uingereza imenishinda, naondoa pendekezo la kufuta. Lakini mwalimu, tazama Singapore tena. Karatasi yao ina sehemu ya kuchagua, halafu ina sehemu ambayo mtoto anaelezwa jaribio au kuonyeshwa mchoro, aandike mwenyewe kwa nini imetokea hivyo. Kumbe wanapima, ila wanauliza swali jingine. Sisi yale machache ya kuandika yanataka jibu fupi tu.

Mwalimu, wilaya ya Bahi

Nani atasahihisha? Kwetu watahiniwa wanapita milioni moja kila mwaka. Kusiliba kunasahihishwa na mashine. Maelezo yanataka macho ya mtu, posho ya mtu, na watu wawili wakubaliane jibu ni lipi.

Mleta mada

Maswali mawili tu, mwalimu. Lijaribu hata hilo la mtungi darasani kwako.

Mwalimu, wilaya ya Bahi

Haya, nimelijaribu leo. Nimeliandika ubaoni, nikawapa dakika kumi. Wengi wameandika maana ya uvukizi neno kwa neno kama binti yako, wakaishia hapo. Kadhaa wameandika "kwa sababu umewekwa kivulini", na ndoo nilisema iko kivuli hicho hicho. Mmoja, mtoto wa mfugaji ambaye huwa hafiki hata katikati ya orodha, ameandika: "Mtungi unatoka jasho, upepo unalikausha, ndoo haina jasho."

Mleta mada

Huyo mpe zote!

Mwalimu, wilaya ya Bahi

Nimempa. Ila mwongozo wa kusahihisha ungetaka neno "uvukizi", naye hakuliandika. Wenzangu wawili ofisini wamempa sifuri, na mpaka tunafunga shule tulikuwa bado tunabishana.