Ushauri: Mdogo wangu kafungwa kwa kujeruhi na kukutwa na gobole, tunataka kukata rufaa

Dada_wa_Mpunga: Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada, nyumbani tumechanganyikiwa. Mdogo wangu kahukumiwa Ijumaa iliyopita mahakama ya wilaya: miaka 5 kwa kumjeruhi jirani, miaka 20 kwa kumiliki gobole bila kibali, vifungo vinakwenda pamoja. Ugomvi ulitokana na ng'ombe walioingia kwenye mpunga. Kupigana walipigana. Ila gobole polisi wanasema walilikuta ghalani usiku, na mwenyekiti wa kitongoji akaitwa asubuhi yake kusaini tu. Hakuwa na wakili. Kuna mtu katushauri tutulie tusubiri msamaha wa Rais. Tuanzie wapi?

MzeeWaMafaili: Pole sana dada. Huyo wa msamaha muacheni, atawapotezea muda. Notisi ya nia ya kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Ni karatasi fupi, haihitaji sababu ndefu. Nenda gerezani kesho asubuhi, mwambie dogo aombe ofisi ya gereza imwandalie. Atasaini au kutia dole gumba, na gereza litaipeleka mahakamani. Petisheni ya rufaa, yaani karatasi yenye sababu zenu za rufaa, ina siku 45, na siku mnazosubiri nakala za mwenendo (yaliyorekodiwa kesi ikisikilizwa) na hukumu hazihesabiwi. Hizo nakala ziombeni kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa mahakama, muitunze.

KotiJeusi: Swali kwanza: alikana au alikiri? Kama alikiri, rufaa kwa kawaida inabaki kwenye adhabu tu.

Dada_wa_Mpunga: Alikana yote mawili, mkuu.

KotiJeusi: Vizuri. Sasa sikiliza. Silaha bila kibali ni kosa la uhujumu uchumi. Mahakama ya wilaya haiwezi kulisikiliza mpaka ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) itoe ridhaa ya kumshtaki pamoja na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Na kwa kuwa hapo limeunganishwa na kosa la kawaida la kujeruhi, hati inatakiwa kuwa ya kifungu cha 12(4) cha Sheria ya Uhujumu Uchumi, siyo 12(3) ambacho ni cha uhujumu uchumi peke yake. Mkipata mwenendo, anzieni hapo. Kuna watu wametoka na kifungo cha miaka mingi kwa sababu hati ilikosekana au ilitaja kifungu kisicho chake.

Shuhuda_Kanda: Nakubaliana, ila dada asije akadhani hapo ndipo mwisho. Mwenendo ukibatilishwa, Mahakama Kuu inaweza kuamuru kesi ianze upya. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 msimamo ni kwamba kesi haianzishwi upya ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wao. Kwa hiyo mapengo yaonyesheni kwenye petisheni hiyo hiyo. Hapa kuna pengo kubwa: upekuzi wa usiku, shahidi huru, yaani mwenyekiti, hakuona gobole likitolewa ghalani. Nani alilishika baada ya hapo, lilihifadhiwa wapi, lilifikaje kwa mtaalamu wa silaha? Angalieni pia kama hati ya ukamataji (ya kitu kilichochukuliwa kwenye upekuzi) na PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha) zilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Zisiposomwa huondolewa kwenye ushahidi, ingawa aliyoyasema daktari kwa mdomo yanaweza kubaki.

Dada_wa_Mpunga: Mungu awabariki. Je, anaweza kupata dhamana wakati rufaa inasubiri? Mama anauliza kila saa.

KotiJeusi: Kuomba anaweza, lakini hutolewa kwa nadra, lazima rufaa ionekane wazi ina nafasi kubwa ya kushinda. Mwambieni mama ukweli huo mapema. Nguvu wekeni kwenye rufaa ya kwanza: Mahakama Kuu inapitia ushahidi wote upya. Mkishindwa pale, Mahakama ya Rufani itaangalia zaidi hoja za kisheria.

MzeeWaMafaili: Na wakili msikate tamaa kwa kukosa hela. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu na wafungwa; ukiwa pale gerezani ulizia watoa msaada wanaofika hapo. Lakini notisi isimsubiri wakili. Hukumu ilikuwa Ijumaa, hesabu siku zako vizuri.

Dada_wa_Mpunga: Kesho naondoka na basi la alfajiri kwenda gerezani. Barua ya kuomba nakala nitaiandika usiku huu.