Mashine ya nje ya AC kwenye uchochoro wa mita 1, ukuta wa tofali inchi 5: nisimamie nini?

MkaziKigamboni

Wakuu, salaam. Nina AC ya ukutani ya 12,000 BTU, inverta (kompresa yake inabadilisha kasi), gesi R32, bado iko kwenye boksi. Chumba kiko nyuma ya nyumba. Kati ya ukuta na uzio wa jirani kuna uchochoro wa mita 1, uzio wenyewe una mita 2.1 kwenda juu. Ukuta ni tofali za saruji za inchi 5 na plasta. Bahari iko karibu, kama mita 600.

Fundi aliyekuja kupima anataka kuitundika mashine ya nje usawa wa kichwa kwa bolti nne, halafu nichomelewe kizimba cha nondo kwa ajili ya wezi. Umeme atachukua kwenye soketi ya chumbani. Nilipomuuliza habari ya pampu ya vakyumu akasema mashine mpya haihitaji, "tunapuliza tu kwa gesi yake". Bomba lililokuja na mashine ni mita 3.

Kabla hajatoboa ukuta naomba mnieleze nimsimamie kwenye yapi hasa.

Baridi_Pwani

Mkuu, usawa wa kichwa hapo mwambie hapana. Piga hesabu: mashine ina kina cha sentimita 30 hivi, nyuma yake uache walau 15. Kwenye uchochoro wa mita 1 inabaki kama nusu mita mbele ya feni. Hewa ya moto itagonga uzio, itarudi, na kondensa (koili ya mashine ya nje inayotoa joto) itavuta moto wake wenyewe. Matokeo utayaona saa nane mchana: presha inapanda, inverta inajipunguza kasi ili isiungue, chumba hakipoi, nawe utaambiwa gesi imepungua. Vitabu vingi vya mashine vinataka mbele kuwe wazi karibu mita 2.

Ipandishe. Kitako cha mashine kikae mita 2.3 hadi 2.5 kutoka ardhini, ili feni ipulize juu ya uzio. Angalia kwanza dirisha la jirani liko wapi, maana hewa hiyo na kelele vitamfuata yeye. Angalia pia upepo. Kama upande huo unatazama kusini-mashariki, kusi itakuwa inapuliza ndani ya feni miezi kadhaa ya mwaka, nayo feni itahangaika kusukuma kinyume. Hapo ni bora uhamie ukuta wa pembeni hata kama bomba litarefuka.

Kuipandisha kuna faida nyingine. Nyumba zetu nyingi lenta inapita juu ya madirisha, na ukijumlisha kimo cha msingi inaangukia karibu na pale zitakapokaa bolti za juu za breketi. Hizo za juu ndizo zinazovutwa kutoka ukutani. Za chini zinasukumwa tu kuelekea ndani. Kwa hiyo za juu zikikaa kwenye zege la lenta, umemaliza nusu ya wasiwasi. Toboa katikati ya kimo cha lenta, maana nondo ziko karibu na ukingo wa juu na wa chini. Ukigusa chuma, sogea sentimita chache, usilazimishe.

Lenta isipofikika, usikubali bolti za kutanuka kwenye tofali za inchi 5. Tofali nyingi za mtaani zina saruji kidogo. Bolti ikitanuka ndani yake inalipasua kimyakimya, na plasta inaficha ufa. Mashine ya 12,000 ina kilo 25 hadi 30 tu, uzito huo ukuta unaubeba. Kinacholegeza ni mtetemo wa kila siku, na fundi wa usafi atakayekuja mwakani akaiegemea. Toboa ukuta wote, pitisha fito yenye nyuzi ya M10 (kipenyo milimita 10), upande wa ndani weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 unene milimita 5, nati mbili mbili. Ndani litaonekana, lipake rangi.

Kwa mita 600 kutoka baharini, breketi ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi itaanza kulia kutu mapema sana, na kutu huanzia kwenye tundu la bolti ambako huoni. Nunua iliyochovywa zinki ya moto, bolti na washa ziwe za chuma kisichoshika kutu, na chini ya miguu ya mashine weka vipande vya mpira. Uoshe mapezi ya kondensa kwa maji baridi ya presha ndogo kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa.

Siku ya kupandisha wawe watu wawili na kamba, ngazi ifungwe juu isiteleze, na mtu asipite chini. Mashine isishikwe kwa vichwa vya valvu. Shaba ile ikipinda inapasuka palipochomelewa.

Gramu_si_Presha

Naongezea upande wa bomba na gesi, maana "kupuliza", yaani kusukuma hewa itoke bombani kwa gesi ya mashine, ndiko kunakoua mashine taratibu.

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Ukipuliza, hewa inatoka lakini unyevu unabaki umeshika kuta za bomba. Oili ya kompresa za R32 na R410A (gesi nyingine ya AC) inanyonya maji haraka, ikichanganyika na joto inazaa asidi, asidi inakula vanishi ya nyaya za mota. Mashine itapoza vizuri msimu wa kwanza, ndiyo maana fundi haoni kosa lake. Isitoshe R32 inashika moto, ingawa si kwa urahisi, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini. Kuipuliza kwenye uchochoro huku mwenzako anakata nondo kwa grenda ni hatari ya bure.

Bomba: tazama kibandiko cha mashine. 12,000 nyingi za R32 ni inchi 1/4 na 3/8, nyingine 1/4 na 1/2. Likatwe kwa kikata bomba. Msumeno unaacha chenga za shaba ndani, na chenga zinaishia kwenye valvu. Kingo zikwanguliwe mdomo wa bomba ukiwa umeangalia chini ili vumbi lianguke nje. Nati iingizwe KABLA ya kutanua mdomo (wanasahau kila siku). Mdomo uliotanuliwa uwe mviringo sawasawa, unang'aa, hauna ufa. Tia tone la oili ya kompresa. Nati ianze kwa mkono, kisha spana mbili, moja inashikilia na moja inakaza. Kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), 1/4 ni nyutoni mita 14 hadi 18, na 3/8 ni 33 hadi 42. Kukaza kupita kiasi kunavujisha kama kulegeza, kwa sababu mdomo unakatika.

Kisha naitrojeni kavu ndani ya bomba, valvu za mashine zikiwa zimefungwa, psi 400 hivi, isivuke presha iliyoandikwa kwenye kibandiko. Paka povu la sabuni kwenye nati zote nne. Akileta mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji, mfukuze. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

Hapo ndipo pampu ya vakyumu inaingia, kunyonya hewa na unyevu bombani. Geji ya kawaida itafika -30 (inchi za zebaki) ndani ya dakika chache na fundi atataka kuzima. Hiyo haimaanishi pamekauka. Iende nusu saa. Mwenye geji ya maikroni (inayopima vakyumu kwa usahihi zaidi) ashuke chini ya 500. Afunge, asubiri dakika 15, mshale usipande. Baada ya hapo afungue kwa ufunguo wa aleni valvu ya bomba dogo hadi mwisho, halafu ya bomba kubwa, na arudishe vifuniko kwa kukaza, kwani navyo vinazuia gesi.

Tundu la ukutani liwe milimita 65, literemke kidogo kuelekea nje, kama milimita 5 hadi 10, ili mvua ya masika isiingie na maji ya ndani yatoke yenyewe. Mabomba yote mawili yavikwe sponji, kila moja peke yake.

Waya_Tatu

Soketi ya chumbani, hapana. Laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16 aina C, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Karibu na mashine ya nje weka swichi inayokata nyaya zote mbili, isiyoingia maji, mahali ambapo anayefanya kazi anaiona. Asitegemee mtu wa ndani kumwambia "nimezima".

Ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ipimwe, isikisiwe. Mashine ni boksi la chuma kwenye breketi ya chuma karibu na kizimba cha chuma. Ethi ikikatika, mtoto akishika nondo ndiye anakuwa ethi. Kizimba nacho kiunganishwe.

Waya kati ya ndani na nje uwe wa mpira wa kuhimili jua, kipande kimoja bila kiungo, namba kwa namba. Waya wa mawasiliano ukiubadilisha na wa moto, bodi ya inverta inaungua papo hapo na waranti haitakusaidia. Weka pia kinga ya volti yenye kuchelewa dakika 3, umeme wetu unajulikana unavyorudi. Na baada ya kuzima, subiri dakika 5 kabla ya kufungua kifuniko. Kapasita bado zina umeme.

Kazi ya bodi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi AC na fundi umeme ni watu wawili mpaka akuonyeshe karatasi.

MkaziKigamboni

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki. Kizimba kikae vipi kisizibe hewa? Na kuna AC ya zamani sebuleni, fundi huyohuyo ataihamishia chumba cha watoto. Nayo ina hatari gani?

Baridi_Pwani

Kizimba: nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita 10 hadi 12, mbele na nyuma pasiwe na wavu wala bati. Kifungwe kwenye bolti zake, kisining'inie kwenye breketi ya mashine. Upande wa valvu uwe na mlango wa kufuli, sentimita 60 za kufanyia kazi. Uchomeleaji wote ufanyike kabla mashine haijapanda. Cheche na mabomba yenye R32 visikae pamoja.

Gramu_si_Presha

Ya zamani ndiyo yenye hatari kubwa kuliko mpya. Kabla ya kufungua mabomba, gesi inarudishwa kwenye mashine ya nje hivi: mashine iko kwenye kupoza, geji imeunganishwa, unafunga valvu ya bomba dogo, mshale ukikaribia sifuri unafunga ya bomba kubwa na kuzima hapohapo. Nati haiguswi kompresa ikizunguka. Bomba likiwa wazi au linavuja, kompresa inavuta hewa, hewa na oili zinabanwa pamoja, joto linapanda, na kopo la kompresa linaweza kupasuka mkononi mwa fundi. Ikiwa tayari inavuja, usirudishe gesi kwa njia hiyo kabisa. Itolewe kwa mashine ya kunyonya gesi.

Soma kibandiko chake. Kama ni R22, gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, kwa nchi zetu karibu yote ifikapo 2030, na usimruhusu mtu aijaze R32 badala yake. Kama ni R410A na bomba litarefuka kupita mita zilizoandikwa, gesi iongezwe kwa mzani wa gramu, mtungi ukitoa gesi ikiwa kimiminika, si mvuke. Kwenye inverta geji haikwambii kiasi cha gesi, kasi ya kompresa inabadilika na mshale unabadilika nayo. Hili linahusu pia hiyo mpya: ukiipandisha, mita 3 hazitatosha, nunua bomba la mita 5 zima badala ya kuunga, na uangalie kitabu kinasema gesi ya kiwandani inatosha mita ngapi.